Watu Sita wa Solveig

Boti yangu inaitwa Solveig. Jina hilo, la mwanamke wa Kiswidi, sikulichagua mimi. Nilipoinunua miaka kumi na mitano iliyopita lilikuwa limeshaandikwa nyuma kwa rangi ya buluu, na mzee aliyeniuzia akanionya kwamba kubadili jina la boti ni kujitafutia mkosi. Mikosi nilikuwa nayo ya kutosha, nikaliacha. Waumini wenzangu wa kanisa la Vårby gård, hapa Uswidi, wakapata la kusema: Onésime ameoa mke wa pili, Mswidi, mwenye tani tatu. Mke wangu Perpétue akawajibu kwamba afadhali huyo, maana akinuna anazama mwenyewe.

Siku hizo Perpétue alikuwa na utani bado.

Alhamisi ya mwisho wa Aprili nilifika kwenye uwanja wa klabu ya boti saa moja asubuhi, na ukaguzi ulikuwa saa nne. Solveig alikuwa juu ya magogo yake, mahali alipokaa tangu Oktoba. Jumamosi kreni ingekuja kutushusha majini, boti moja baada ya nyingine. Sheria ya klabu ni fupi: boti isiyo na sahihi ya mkaguzi hainyanyuliwi, na isiyonyanyuliwa siku hiyo inapoteza nafasi yake gatini. Nafasi anapewa aliye mbele kwenye orodha ya kusubiri, na orodha hiyo ina watu waliojiandikisha wakiwa bado na nywele. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu. Nikitoka kazini Flemingsberg, ninakosukuma vitanda vya wagonjwa, nilipanda basi nikiwa na sare yangu ndani ya mfuko, nikaja kulala chali chini ya Solveig na kumkwangua tumbo. Nilibadilisha mpira wa gesi, kwa sababu wa zamani ulikuwa umepigwa mhuri wa mwaka ambao mwanangu Armel alikuwa bado anakojoa kitandani. Nilisafisha vichwa vya betri. Nilimwaga ndoo mbili za maji ndani ya boti ili nione kama pampu itayatoa, ikayatoa, nikaipigia makofi.

Kazi iliyonishinda nguvu ilikuwa ndogo kuliko zote, taa. Taa za boti zinataka watu wawili: mmoja abonyeze swichi, mwingine asimame nje aseme inawaka au haiwaki. Kwenye boti ya jirani mume alibonyeza, mke akasema inawaka, wakamaliza kabla kahawa yao haijapoa. Mimi nilibonyeza, nikashuka ngazi, nikazunguka mbele nikaangalia, nikarudi, nikapanda, nikabonyeza nyingine. Nilipanda na kushuka mara kumi na moja. Mara ya nane nilijikuta nasema kwa sauti, “Inawaka, baba,” kisha nikajijibu, “Asante, mama.” Jirani akageuka. Nikamsalimia.

Karatasi ya ukaguzi ilikuja mwezi wa tatu. Mwenye boti anaijaza mwenyewe kabla mkaguzi hajafika: urefu wa boti, mwaka wa injini, aina ya gesi. Swali la nne lilisema: kwa kawaida wanasafiri watu wangapi? Nikaandika sita. Mkono haukusita hata kidogo.

Ninyi ambao hamkupita kambini mtaniona mwongo, kwa hiyo ngoja niwaeleze. Tulikaa Tanzania, kambi ya wakimbizi, miaka tisa, na karatasi ya posho ilikuwa na namba ya watu wa nyumba. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa baba na mama yenu. Ikipanda, mnakula. Ikishuka, kila mtu anatazama sufuria. Ndugu yangu Egide alipotoroka kwenda kutafuta maisha, hatukumtoa kwenye karatasi. Mama yangu alipofariki tulimzika, tukamlilia, tukarudi nyumbani, na mama akaendelea kula maharage miezi minane. Hapo nilijifunza kwamba namba kwenye karatasi mtu haipunguzi kwa mkono wake mwenyewe. Akitaka kuipunguza, aje yule mwenye kalamu, aje na sababu zake.

Na sita haikuwa namba ya uongo, ilikuwa namba ya kweli iliyochelewa. Mimi, Perpétue, Belyse, Dieumerci, Armel, Heshima. Boti niliinunua kwa ajili ya sita hao, na safari moja ndiyo niliyowaahidi: tuvuke mfereji wa Södertälje unaounganisha ziwa letu na bahari, milango ifungwe nyuma yetu, maji yatushushe taratibu, milango ya mbele ifunguke, na tuwe baharini. Kiangazi cha kwanza injini ilikufa. Cha pili Heshima alipata tetekuwanga. Cha tatu nilikuwa na zamu. Tulizunguka hapahapa karibu, miaka minne, tukala kuku visiwani, tukarudi. “Mwaka huu tunavuka mfereji,” nilisema kila mwaka, mpaka watoto wakawa wananisaidia kuimalizia sentensi hiyo.

Sasa Dieumerci yuko Oslo. Heshima anasoma Umeå. Belyse yuko Norrköping na mume wake. Armel yuko Akalla, treni mbili tu kutoka kwangu, na huyo ndiye aliye mbali kuliko wote. Perpétue alikwenda Norrköping kwa wiki mbili kumkanda Belyse aliyejifungua. Mtoto huyo sasa anapanda baiskeli.

Lakini mwezi wa tatu nilikuwa nimeandika kwenye grupu ya familia: kiangazi hiki, sikukuu ya katikati ya Juni, tunavuka mfereji, sote. Nikapata madole gumba matatu na moyo mmoja. Mtu aliyepata madole gumba matatu na moyo ataandika ngapi?

Saa nne kamili Erukana akasimama chini ya ngazi na ubao wake wa kuandikia. Ni Mganda, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, aliyekimbia kwao bado kijana na kufanya kazi ya ufundi wa feri mpaka akastaafu. Kiswahili chake alikipata Nairobi akisubiri karatasi, na mpaka leo anakizungumza kama mtu aliye kwenye foleni: maneno machache, bila kusukumana.

“Baba Belyse. Naruhusiwa kupanda?”

“Panda, mzee. Hapa ni kwako.”

“Leo si kwangu. Leo mimi mkaguzi. Ukinipa hata chai, naandika.”

“Chai ipo. Na mandazi yapo.”

“Yafunike. Tukimaliza, kama umepita, nitakula. Kama hukupita nitakula vilevile, lakini kimya.”

Sitaficha, nilikuwa nimetumaini kidogo. Wakaguzi wa klabu ni wanne, na nilipoona kwenye orodha nimepangiwa Erukana, nilisema moyoni kwamba mtu mliyeimba naye kwenye misiba kumi hawezi kukusumbua kwa skrubu. Ndani ya dakika tano nikajua nimejidanganya. Alilala kifudifudi akanusa chini ya injini. Alipaka povu la sabuni ya vyombo kwenye kila kiungo cha gesi, akakaa akilitazama povu kama mtu anayesubiri liseme kitu. Halikusema. Alipima mtungi wa kuzimia moto, akavuta betri kuona kama imefungwa, akafungua na kufunga koki zote za chini.

“Taa,” akasema.

Nikabonyeza, yeye akashuka akaangalia. Mara moja tu, zote. Nilikaribia kumkumbatia.

“Nani alikusaidia kuzijaribu?”

“Mwenyewe.”

“Uliwasha mwenyewe, ukaangalia mwenyewe?”

“Ndiyo mzee. Mimi ni wengi.”

Akaitazama ngazi, kisha akatazama magoti yangu, akaandika.

Tukafika kwenye jaketi za kuokolea, zile wanazovaa watu wasizame. Hapo nilikuwa najivuna. Nilikuwa nimezifua, nimezianika, nimezipanga kwenye benchi kutoka kubwa mpaka ndogo, sita, kila moja na jina mgongoni kwa wino mweusi, mwandiko wa Perpétue, herufi kubwa kama za gazeti.

Erukana akavuta mikanda, akaminya sponji, akabonyeza vifungo. “Nzuri,” akasema. “Zimetunzwa.” Kisha akaangalia ubao wake. “Watu sita.”

“Sita.”

“Nani na nani?”

Nikawataja. Akainua jaketi ya Dieumerci kwa vidole viwili. “Huyu si ndiye yule mrefu? Wa mpira wa kikapu?”

“Ndiye.”

“Hii ataivaa mguu upi?”

“Atakunja mabega kidogo.”

“Ssebo,” akasema. Ni neno la kwao la heshima, kama kusema bwana, lakini yeye analitumia anapotaka kukukalisha chini. Nilicheka, yeye hakucheka. “Jaketi moja kwa kila mtu, kwa uzito wake. Hapa nina mbili za watu wazima na nne za watoto. Watoto siwaoni. Kama watu ni sita, hukupita.”

“Nitakwenda madukani Kungens Kurva sasa hivi. Nanunua nne.”

“Nenda. Nakusubiri mpaka saa nane. Dieumerci ana kilo ngapi?”

Nikatazama lebo ya jaketi yake.

“Armel?”

“Armel ni mwembamba.”

“Mwembamba wa kilo ngapi? Heshima je?”

Heshima nilikuwa na uhakika naye. Heshima alikuwa na kilo kumi na tisa. Nilimbeba begani kumtoa gatini kila Jumapili, akiwa amelala, na ile jaketi bado imemfunga kidevuni.

“Nampigia Belyse,” nikasema. “Yeye anajua mambo yote.”

Nikashuka nikasimama nyuma ya boti, penye jina. Belyse akapokea haraka, kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, na hatujawahi kupotezana.

“Baba, niko kwenye mkutano. Kuna nini?”

“Hakuna kitu. Una kilo ngapi?”

“Unaniuliza nini?”

“Ni ya jaketi, binti yangu. Ya safari. Mzee Erukana yuko hapa, anataka kilo za kila mtu. Za mama yako najua, usimwambie.”

“Safari gani?”

“Ya mfereji. Ya Juni.”

“Baba.” Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Hapo akahamia Kiswahili, na mimi nikajua habari si nzuri, kwa sababu Kiswahili Belyse anakiweka kwa ajili ya hospitali na misiba. “Hatuji, baba. Mimi nina kazi. Heshima amepata kibarua cha kiangazi. Dieumerci ulijua haji.”

“Mlituma dole gumba.”

“Dole gumba ni kwamba tumeona.”

“Na moyo?”

“Moyo nilituma mimi. Nilikuonea huruma.”

“Asante,” nikasema, na nilimaanisha. “Na mama? Nipe mama nimsalimie.”

“Mama amelala.”

Nyuma ya sauti yake bomba la maji lilikuwa linatiririka, na sufuria ikagonga sufuria, na mtu akakohoa kile kikohozi kifupi ninachokijua tangu kwetu Uvira. Kwa hiyo mkutano ulikuwa jikoni. Na mke wangu amefikia kiwango cha kuosha vyombo akiwa usingizini.

“Mwache apumzike,” nikasema.

Nilipopanda tena, Erukana alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni ya jaketi, miguu pamoja, kama abiria.

“Acha tu sita,” nikamwambia. “Nitanunua kubwa nne, za mtu yeyote. Andika kilo themanini themanini.”

“Wanakuja?”

“Namba haidhuru mtu, mzee. Iache ikae.” Na nikamweleza kambi, karatasi ya posho, mama yangu na maharage yake. Nilimweleza kwa utani, maana habari hiyo siwezi kuibeba kwa namna nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kule namba ilikuwa ya kula,” akasema. “Hapa karatasi hii inakaa kwenye kabati la ofisi. Siku boti yako ikikutwa inaelea tupu, polisi wataifungua kwanza hii. Itasema sita. Wazamiaji wataingia. Wataingia na wewe utapatikana, kwa sababu wewe ni mzito. Halafu wataendelea kutafuta watano. Siku mbili, siku tatu, vijana wa watu, kwenye maji haya.” Akaelekeza kidole ziwani, ambako barafu ilikuwa imeondoka wiki tatu tu zilizopita. “Watatafuta watu waliokaa Oslo wanakunywa kahawa.”

Nikazisogeza jaketi kwenye benchi, ingawa zilikuwa zimenyooka.

“Nilimpitishia mtu mara moja,” akaendelea, akiangalia kalamu yake. “Rafiki. Karatasi ilisema hivi, boti ilikuwa vile. Mjane wake mpaka leo ananisalimia vizuri. Ndiyo shida, ananisalimia vizuri.”

Akanipa ubao.

“Karatasi ya boti yako umeandika ngapi?” nikamuuliza.

“Moja. Mwaka wa nane sasa.”

Miaka minane iliyopita tulimzika Mirembe, mke wake. Nilibeba jeneza upande wa kushoto, na kesho yake nilimpelekea wali. Sikuwahi kufikiria kwamba masika iliyofuata mtu huyu alikaa peke yake mezani na karatasi hii, na swali hili la nne.

Nikachukua kalamu. Nikakata sita kwa mstari, kama wanavyotaka, ili namba ya zamani ibaki inasomeka. Pembeni nikaandika moja. Namba hiyo ni fupi mno. Sita ina kona na tumbo, mkono unapata kazi. Moja umeanza, umemaliza, na kalamu haijapata hata joto.

“Sahihi hapa,” akasema Erukana. Nikatia. Akatia yake, akaangalia saa, akaandika saa. “Umepita, Baba Belyse.”

“Basi kula.”

Akala mandazi matatu, akisema yana sukari nyingi kila alipoanza jingine. Tulikunywa chai. Aliposimama akazigusa zile jaketi nne ndogo.

“Hizi zisikae ndani. Siku ya hatari mtu atashika isiyo yake. Zipeleke kwenye kibanda cha klabu cha kuazimia jaketi, zitafaa watoto wa watu.”

“Na hii?” Nilikuwa nimeshika ile kubwa ya pili, PERPÉTUE mgongoni.

“Hiyo ni ya mtu mzima. Akiba si kosa.”

Nikaitundika kwenye msumari wake karibu na mlango. Zile nne nikazibeba mikononi mpaka kwenye kibanda, nikazining'iniza kwa mpangilio uleule, kubwa mpaka ndogo. Nilifunga mlango, nikafungua tena kuhakikisha zimeshika vizuri, nikafunga.

Jumamosi kulikuwa na jua na upepo mdogo. Uwanja ulijaa watu, mbwa, na mabwana wenye fulana za njano wanaopiga kelele kwa mikono. Zamu ya Solveig ilikuwa ya kumi na saba. Kreni ikamnyanyua, akaning'inia juu ya vichwa vyetu na tumbo lake jeusi la rangi mpya, akashuka, akagusa maji. Nikarukia ndani haraka, nikafunua sakafu, nikapiga magoti na tochi kutazama kama anavuja. Hakuvuja. Pampu ilikaa kimya. Hakuna sauti niliyoisubiri majira yote ya baridi kama kimya cha pampu ile.

Niliwasha injini, nikampeleka mpaka kwenye nafasi yetu, namba arobaini na mbili, nikamfunga. Kisha nikakaa nyuma, na jaketi yangu kifuani, nikiwa mtu mmoja kama karatasi inavyosema. Nilikuwa na chai ya watu wawili, kwa sababu chupa yangu ni ya saizi hiyo. Ramani ya mfereji ilikuwa palepale kwenye droo, nikaitoa, nikaikunjua. Kutoka gatini kwetu mpaka Södertälje ni mwendo wa asubuhi moja. Milango ya mfereji inamfungulia yeyote, haiulizi wako wangapi.

Hapo ndipo nikasikia miguu midogo ikikimbia kwenye mbao za gati. Msichana wa miaka mitano au sita, nywele nyeupe kama uzi wa katani, akanipita mbio, jaketi ya rangi ya machungwa imemfunga mpaka kidevuni. Mgongoni, kwa mwandiko wa mke wangu, HESHIMA.

Mama yake akamwita kutoka nyuma kwa jina jingine, ambalo sikulishika. Hakusimama. Alifika mwisho wa gati, akanyoosha mikono, na mwanamume mmoja aliyekuwa ndani ya boti nyeupe akamnyanyua juu ya ukingo.

“Inakubana?” nikasikia mwanamume akimuuliza kwa Kiswidi.

“Hapana,” akasema. “Ni yangu.”

Wakafungua kamba. Boti ikarudi nyuma, ikageuka, ikaelekea nje penye maji mengi. Heshima alikuwa amekaa mbele kabisa, palepale alipokuwa anapenda kukaa, mgongo umenielekea, na jina lilisomeka mpaka wakafika kwenye boya la kijani. Niliinua mkono. Kisha nikamimina chai ya kwanza, nikainywa, nikaanza kutafuta kwenye ramani mahali mtu mmoja anaweza kufunga boti akiwa hana wa kumrushia kamba.